Bluu Ipi?

Simu iliita saa kumi na moja alfajiri. Ukipigiwa saa hiyo hapa Mwanza, ama kuna msiba, ama kuna dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ile bluu uliyotutumia ni bluu ipi?"

"Sijakuelewa, mama."

"Niko Goziba. Bluu yako ilisema huku dagaa ni bei chee. Nimeshuka kwenye boti, nimeuliza bei, nikadhani wananitania. Wakanitajia tena. Sasa nakuuliza wewe, bluu ipi?"

Nyuma yake nikasikia injini ya boti ikinguruma, kisha ikafifia. Boti ilikuwa imeshamwacha.

Mimi ndiye "kijana wa kompyuta" wa kikundi chao, akina mama wengi na wazee watatu, wanaonunua dagaa visiwani na kuwauza Mwaloni, Kirumba. Ziwa silijui. Dagaa nawafahamu wakiwa wameshaungwa nyanya. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuchukua kauntabuku la katibu, lenye bei za gunia kutoka mialo 12 (fukwe ambako boti hushusha dagaa) kwa kila wiki ya mwaka mzima (na harufu ya mialo yote 12), niliingize kwenye kompyuta, nitoe mchoro wa mistari, kila mwalo na mstari wake, ambao mtu anautazama mara moja na kujua boti ielekee wapi.

Mwanzoni kilichonitisha kilikuwa mawimbi. Mistari yote ilikuwa inapanda na kushuka kila mwezi, nikajua nimekosea mahali. Nikarudia kuingiza namba usiku mzima. Kumbe kosa lilikuwa la mwezi wenyewe, ule wa juu! Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu, na bei inapanda. Mkazi mwenzangu yeyote wa Mwanza angenieleza hilo bure, lakini mimi niliona aibu kuuliza.

Basi nilipomaliza na mwezi nikajiona profesa. Sikujishughulisha na rangi. Programu ninayochorea, matplotlib, inajipangia rangi yenyewe, na nikaiachia. Ambalo sikulijua ni kwamba tangu toleo lake la 2.0, la mwaka 2017, kapu lake la kawaida lina rangi kumi tu: bluu, machungwa, kijani, nyekundu, zambarau, kahawia, waridi, kijivu, zeituni na samawati. Mstari wa kumi na moja ukija, programu haisemi "kaka, rangi zimeisha." Inarudi mwanzo kimyakimya na kutoa bluu tena, kama mama mwenye watoto wengi anayemvalisha mdogo shati la kaka yake.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa Ukara. Wa kumi na moja, Goziba.

Bado ufunguo, kile kibao kidogo kinachosema rangi fulani ni mwalo fulani. Niliubandika kona ya juu kulia kwa sababu ndipo nilipouona umependeza. Sasa fikiria. Kulia ndiko ziliko wiki za karibuni, na juu ndiko ziliko bei kali. Bluu ya Goziba, iliyokuwa imepaa mwezi ule, ikaingia chini ya kibao na kujificha kama mdaiwa. Ikabaki inaonekana bluu moja tu, ya chini, ya bei nafuu: Ukara. Na mama yule husoma karatasi yoyote kuanzia chini, kama risiti, jumla kwanza. Akapanda na kibao kutoka chini, wa kwanza kukutana naye mwenye bluu ni Goziba. Akafunga mizigo, akalala ziwani, huyo.

Niliifungua picha kwenye simu nikaivuta kwa vidole viwili, nikaivuta tena, mpaka skrini nzima ikawa bluu tupu. Vile vijistari viwili vya kwenye kibao vilikuwa mapacha.

Mama alirudi siku ya nne na magunia mawili, ili, kwa maneno yake, safari isiwe ya utalii. Sado mbili nilizinunua mimi, kwa bei ya Goziba. Nyumbani kwangu tulikula dagaa asubuhi, mchana na jioni, na paka wa jirani akahamia.

Kikao cha dharura kikaitishwa. Nikaja nimejipanga, rangi 12 nimezichagua kwa mkono. Nikaanza kuzitaja: hii kahawia, hii damu ya mzee, hii ugoro. Mzee mmoja akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasema yeye hapo anaona ugoro watatu.

Kisha Mwenyekiti, ambaye ni Yanga wa damu, akanyoosha kidole.

"Kijani kwa nini inashuka?"

"Mwenyekiti, sisi ni wanunuzi. Bei kushuka ni heri kwetu."

"Heri gani? Nyekundu iko juu yake!"

Upande wa Simba wakaanza kupiga makofi. Kwa dakika kumi hakuna aliyezungumzia dagaa. Mhazini, ambaye hana timu, akaomba karatasi zigawiwe. Mwenyekiti ndiye aliyezipeleka stationery kuchapa, na kwa kubana matumizi akachapa nyeusi. Kila mtu akapokea mistari 12 ya kijivu. Angalau Simba na Yanga wakatoka sare.

Wiki iliyofuata nikaachana na rangi. Nikatumia mitindo ya mistari: huu mzima, huu wa vipande, huu wa nukta nukta. Nilikuwa najivunia sana, kwa sababu hata mashine ya wino mbovu ingeuchapa. Katibu akasimama akiwa amekasirika kweli.

"Hizi nafasi katikati ya mstari ni za nini? Unasema sikuandika? Kauntabuku langu halijaruka hata wiki moja!"

Ndipo mama wa Goziba, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu arudi, akafungua mdomo.

"Pale Mwaloni mitumbwi ni mingi kuliko rangi za dunia. Tunaitofautishaje? Si imeandikwa majina ubavuni? Umewahi kuona mtumbwi unasema jina langu lipo kwenye ubao kule sokoni, nenda kaangalie?"

Nikakaa kimya. Jioni ile nikaufuta ufunguo wote. Mwishoni mwa kila mstari, pale unapoishia kulia, nikaandika jina la mwalo wake. Mistari minane niliipaka kijivu hafifu, nikabakiza rangi kwa ile minne tunayonunua sana. Hakuna kijani, hakuna nyekundu. Nikachapa kwa pesa yangu.

Mama akaitazama karatasi muda mrefu, kidole kikitembea juu ya mistari, jina baada ya jina. Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Nikaanza kupumua.

"Na huu je?" akauliza.

Kidole kilikuwa katikati ya karatasi, juu ya mstari mweusi ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia. Ulikuwa wastani wa mialo yote kwa mwaka. Niliuchora dakika ya mwisho, kwa madoido, nikasahau kuuandika.

"Bei haipandi wala haishuki mwaka mzima," mama alisema. "Hata mbalamwezi! Mwalo gani huu umetuficha siku zote?"

Nilipofungua mdomo kueleza, Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuuliza nauli.