Asilimia 3 na Bado Wanakula Bata

Nyie, kuna watu wana bahati zao hapa duniani, acheni tu. Mi ni fundi cherehani, nipo Mbagala, na kazi yangu ni kuhukumiwa kila siku ya Mungu. Mteja akivaa gauni likambana kidogo tu kwapani, basi, kabla ya magharibi mtaa mzima unajua, kuanzia saluni mpaka kwa muuza mkaa, "yule fundi siku hizi kachoka", na cherehani linalala njaa. Halafu ukifuatilia unakuta mtu kapimwa katikati ya Ramadhani, kafunga, kapungua, gauni anakuja kulichukua Idi imeshapita na biriani zimeshaingia mwilini, hapo kosa la nani jamani?

Sasa juzi mtoto wa dada kaja na flashi yake katoka kujaziwa muvi, akachomeka kwenye tivii, muvi ya Waingereza inaitwa Winnie-the-Pooh: Blood and Honey. Wanangu wakakimbilia mbele wakijua katuni, maana si ndio yule dubu wa kwenye mablanketi ya watoto wachanga, mnene, mpole, mpenda asali. Nikawatoa sebuleni mbio. Na msinione mkali, kule Florida mwaka 2023 mwalimu aliwawekea wanafunzi wa darasa la nne muvi hiyohiyo darasani, wakaiangalia mpaka ilipozimwa, wazazi wakaja juu. Sasa kama mwalimu kapigwa chenga na dubu, mi fundi nani.

Stori yenyewe eti yule kijana Christopher Robin kakua, kaenda zake chuo, kawaacha marafiki zake msituni hakuna wa kuwaletea msosi, baridi ikaingia, njaa ikawashika, wakamla Eeyore yule punda. Wakamla! Mwenzao kabisa! Kuanzia hapo wakaapa hawaongei tena kama binadamu (hapo nikasema sawa, dubu asiyeongea hana haja ya kukaririshwa maneno, gharama imeshapungua), dubu na Piglet yule nguruwe wakaanza kazi ya kuchinja. Halafu wanakuja wadada wamekodi nyumba katikati ya msitu wapumzike, na mmoja anaenda kukaa kwenye lile beseni la maji moto la nje, usiku, peke yake, na chupi ya kuogelea, kwenye ile baridi ya Uingereza. Baadaye dirishani kumeandikwa kwa damu kwamba ondokeni, na bado watu wanashauriana! Mi umeme ukikatika tu hapa uani siendi chooni bila mke wangu kusimama mlangoni na tochi, na sina aibu kusema.

Ila macho yangu ya kazi yalikuwa kwenye nguo. Dubu kavaa ovaroli na shati la drafti, mikono ya mtu kabisa, kichwani kinyago cha mpira, anacheka sura ileile, akikasirika sura ileile, asali inachuruzika kidevuni inaingia kwenye kola. Nani anafua lile shati? Nikamuuliza mpwa wangu, mbona ile fulana nyekundu fupi siioni? Akanielekeza. Kitabu cha mzee A. A. Milne, mtunzi wa huyu dubu, kilitoka 1926, na kule Marekani haki zake zikaisha tarehe 1 Januari 2022, kikawa mali ya umma, mwenye kuchukua achukue. Ila fulana nyekundu ni ya dubu wa katuni za Disney, hiyo ukigusa utakutana na mawakili. Kwa hiyo dubu ruksa, fulana marufuku, ndio wakamvalisha kama mkata magogo. Na Tigger yule chui milia wao hayumo kwenye ya kwanza kwa sababu yeye katokea kitabu cha 1928, ikabidi wamsubirie mpaka 2024. Mi hapa mteja ananiletea mshono kwenye simu namshonea tu, sijawahi kumuuliza huo mshono una miaka mingapi na mwenye nao ni nani.

Haya, sasa twende kwenye kilichoniuma. Mtengenezaji anaitwa Rhys Frake-Waterfield, kijana tu, zamani alikuwa kaajiriwa kampuni ya umeme kwao. Muvi kaipiga siku 10, kwenye msitu wa Ashdown, kusini mwa Uingereza, msitu uleule mzee Milne alioutolea hadithi zake. Siku 10! Na bajeti haikufika dola 100,000, kwa madafu yetu sema milioni 200 na ushee, ambazo mi na wewe tungejenga na kuezeka na chenji ikabaki, lakini kwa wenzetu wa sinema hiyo ni hela ya chai. Mi nikipewa sare za kamati ya harusi kitambaa chenyewe kinanifikia harusi keshokutwa, nusu ya kamati haijapimwa, mwenyekiti anataka bitana, na hakuna anayesema "maskini fundi, bajeti ilikuwa ndogo".

Mwanzoni wala haikuwa muvi ya kutikisa dunia, ilikuwa ya kutolewa kimyakimya huko, ila Mei 2022 zikatoka picha chache, dubu kasimama nyuma ya dada kwenye beseni, mtandao ukapagawa. Januari 2023 ikaanzia Mexico, Februari Marekani, Machi kwao Uingereza. Wakosoaji sasa. Jamani walivyoishukia! Wakasema giza tupu huoni kitu, wakasema hadithi haina kichwa wala miguu, wakasema dubu mwenyewe ni baba wa makamo kavaa kinyago. Kule Rotten Tomatoes wanakohesabu maoni ya wakosoaji ikapata asilimia 3. Tatu! Mi shule ya msingi hesabu zilinishinda ila asilimia tatu sikuwahi, hata ukijaza jina vizuri unapata zaidi ya hapo.

Unadhani wamefunga duka? Thubutu. Watu walivyosikia ni mbovu ndio wakajazana, ikaingiza zaidi ya dola milioni 4 kwenye majumba ya sinema. Machi 2024, siku moja kabla ya Oscar, zikatolewa zile tuzo za Razzie za kuwazomea watu, ikazoa 5, muvi mbovu ya mwaka, muongozaji mbovu, hadithi mbovu, mwendelezo au uigaji mbovu, na wawili wabovu kwenye skrini, yaani dubu na nguruwe wake. Tuzo yenyewe ni kitunda cha kupakwa rangi ya dhahabu, thamani yake dola 4.97. Na mwezi huohuo jamaa wanatoa sehemu ya pili, hela imeongezeka, Tigger kaingia, kinyago kimeanza kueleweka, na humo ndani wanakwambia ile ya kwanza ilikuwa muvi tu, mtu kaitengeneza baada ya yale mauaji. Yaani kazi mbovu wameisingizia mtu mwingine wa kwenye stori! Hii mbinu nimeiweka akilini, mteja akija na gauni namwambia hilo halikuwa gauni, lilikuwa igizo la gauni.

Na usidhani Waingereza hawajui kumkosoa mtu mpaka akakosa kazi. Mwaka 1960 mzee Michael Powell, muongozaji aliyeheshimika kabisa, alitoa Peeping Tom, ya jamaa anayeua wanawake huku anawarekodi na kamera. Mkosoaji mmoja akaandika kwamba dawa yake ni kuizoa kwa koleo na kuimwaga kwenye mtaro wa maji machafu, na hata hapo harufu itabaki. Muvi ikaondolewa haraka, kazi za mzee kule kwao zikakauka karibu zote, halafu miaka inapita, waongozaji wakubwa akina Martin Scorsese wanaipigia debe, leo inaitwa kazi ya maana kabisa. Huyo ndiye fundi mwenzangu. Kashona vizuri kasemwa vibaya. Huyu wa dubu kasemwa vibaya na kweli ni vibaya, na ndio anaongeza mashine, Bambi yule mtoto wa paa kashatolewa 2025, na Pinocchio yule mtoto wa mbao naye alishapangwa, wote wawe wauaji, utoto wenu wote anaupitisha kwenye panga.

Basi jana usiku nikamwambia mke wangu, na mimi nabadilisha kibao pale nje, naandika FUNDI MBOVU KULIKO WOTE MBAGALA, ASILIMIA 3, watu waje kwa kushangaa wakute foleni. Akaacha kuchambua mchele akaniangalia. Akasema wale wazungu waliandika wakaja kushangaa, wewe ukiandika hakuna atakayejua kama ni tangazo.