Kagueni majina kwenye vyeti mapema

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa amewahimiza wanaoomba nafasi za mwaka wa kwanza chuo kikuu wasisubiri siku ya mwisho. Nakubaliana naye kabisa, ila jambo moja amelipita haraka mno: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha sekondari kinasema Muhammad, na maombi yanaweza kukwama hapo hapo hata kama alama ni nzuri. Marekebisho huchukua muda, kwa hiyo vijana, kagueni sasa, herufi kwa herufi. Tena someni sifa za kujiunga na kila kozi, msiangalie jumla ya alama tu. Uhandisi kwa kawaida hudai fizikia. Na wazazi wenzangu, tafadhali, tumwache mtoto apange machaguo yake. Kozi ataisoma yeye miaka 3, 4 au zaidi.