Nyuzi 24 na Rimoti Iliyofungiwa Kabatini

Wiki iliyopita ulibandikwa waraka mlangoni pa lifti, una mihuri miwili, ukitutangazia kwamba viyoyozi vyote vya jengo vitawekwa nyuzi joto 24, rimoti zitakusanywa, na kila mtumishi atashiriki kikamilifu katika matumizi bora ya nishati. Mimi nimeshiriki kikamilifu. Shati langu ni shahidi.

Sina ugomvi na nyuzi 24. Ukiweka kiyoyozi 16 katika Dar es Salaam ya Februari, kompresa haipumziki na mita inakimbia. Ugomvi wangu ni na jengo. Wazee wa Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene na dari za juu, wakauachia upepo njia. Harare nako, tangu 1996, lipo jengo la Eastgate, ambalo mbunifu wake, Mick Pearce, aliiga vichuguu vya mchwa ili hewa ijipitie yenyewe. Sisi wenye bahari mlangoni tumejengewa ghorofa la vioo linalotazama magharibi, madirisha hayafunguki, na ikifika saa tisa alasiri meza yangu inaweza kuivisha muhogo.

Basi nikaenda, kwa adabu zote, kwa kijana aliyekabidhiwa rimoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naomba rimoti ya chumba chetu."

Akanipa fomu yenye nafasi ya jina, cheo, na mistari sita ya kueleza sababu za kusikia joto, nayo isainiwe na mkuu wa kitengo, ambaye yuko likizo. Nikiwa natafuta kalamu, nikagundua kwamba natetemeka. Kijana mwenyewe alikuwa amevaa sweta na kofia ya sufu, na kiyoyozi juu ya kichwa chake kiliandika 17.

"Hicho kimekwama, mzee. Hakipandi."

Nikavumilia. Nikamweleza kwamba chujio la kiyoyozi chetu limeziba vumbi, na kiyoyozi cha namna hiyo hula umeme mwingi kikatoa ubaridi kiduchu, jambo ambalo fundi yeyote wa friji pale Kariakoo atakwambia bila semina.

"Kuosha chujio hakuna kifungu, mzee."

"Ndoo ya maji na brashi vinahitaji kifungu gani?"

"Cha ndoo."

Hapo heshima ikanitoka. Taa za ngazini zinawaka jua likiwa utosini! Kompyuta za masjala zinalala macho Ijumaa hadi Jumatatu! Lakini birika la chai ndilo lililonyang'anywa, eti linafuja umeme.

Na lifti moja kati ya mbili imezimwa, kwa hiyo mama wa vitumbua, ambaye magoti yake hayakushirikishwa katika waraka, siku hizi anaishia ghorofa ya tatu. Sisi wa ghorofa ya tisa tunapigiwa simu tushuke, na tukifika vimebaki vile vilivyoungua.