Tuache bunduki, tuzungumze kisu

Weka wawindaji watatu wasiojuana kwenye moto mmoja, na kabla chai haijachemka watakuwa wameshafika kwenye milimita, yaani upana wa risasi. Nimeliona hilo kwa misimu minne, nilipokuwa mhudumu wa meza na mkalimani wa kuungaunga kwenye kambi ya kitalu kimoja cha uwindaji magharibi ya Liwale. Selous ilikuwa bado Selous nzima, kabla ya 2019 sehemu yake kubwa kumegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako bunduki ya mgeni hailii tena. Wageni walitoka Ujerumani, Marekani, Sweden, mara mojamoja Hispania. Lugha iliwapiga chenga, namba kamwe. Mmoja akisema tatu-saba-tano, mwenzake anatikisa kichwa kama aliyetajiwa jina la ndugu yake.

Na mazungumzo hayo yana utamu wake, nisiwe mnafiki. Mjerumani mmoja, daktari wa meno mstaafu, alikuja na bunduki ya 9.3x62. Akatueleza kuwa risasi hiyo ilibuniwa na fundi wa Berlin, Otto Bock, mwaka 1905, kwa ajili ya walowezi wa makoloni ya Afrika waliotaka bunduki moja isiyo ghali ya kupigia kila kitu. Nikapiga hesabu kichwani. 1905 ndio mwaka babu zetu wa Umatumbi na Liwale walipoinuka na maji yao. Sikumwambia. Alikuwa mtu mwema, na supu ilikuwa inapoa.

Mmarekani alikuwa na .30-06 aliyorithi kwa baba yake na .375 mpya aliyoinunulia safari (hizo ni inchi, nayo .375 inaizidi kidogo 9.3 ya milimita), maana kambini kwetu nyati hakupigwa na kitu chini ya hapo. Kwa hiyo daktari wa meno, na risasi yake iliyozaliwa kwa ajili ya Afrika, siku ya nyati ikambidi aazime .375 ya Waingereza, ya mwaka 1912. Msweden alicheka mpaka akakohoa. Kwao risasi ya 6.5, ya tangu 1894, nyembamba kama kalamu, ndiyo inayoangusha elki, mnyama mwenye pembe pana kama koleo na mwili wa kumkaribia pofu.

Mimi nilikuwa nikikusanya vikombe huku namfikiria mjomba wangu. Yeye alikuwa na gobore. Unamimina baruti, unashindilia kwa ufito, unatia vipande vya nondo, unashindilia tena, halafu unamwomba Mungu. Gobore halikuruhusu kupiga mnyama wa hatua mia mbili. Ulitambaa mpaka hatua ishirini, upepo ukiwa usoni, na ukikosa hukuwa na risasi ya pili. Ulikuwa na mti. Ndiyo maana namba hazijawahi kunibabaisha. Ukubwa wa risasi unanieleza mfuko wa mtu na woga wake. Nikitaka kujua amelelewa vipi, nasubiri mnyama aanguke, nitazame nani anatoa kisu, na kwa nini.

Siku ya tandala ndiyo iliyonifungua macho. Mmarekani alimpiga dume mwenye pembe za mizunguko miwili na nusu, akaanguka, anapumua bado. Mfuata nyayo wetu, mzee wa Kingindo ambaye kambi nzima ilimwita Babu, alitoka mbio kwa miguu ambayo asubuhi yake ilikuwa inalalamikia baridi. Akamshika pembe, akamgeuza aelekee Kibla, "Bismillahi, Allahu Akbar," akachinja pale pale chini ya taya, kama anavyochinjwa mbuzi. Mgeni alipofika akashika kichwa. Ile ngozi ya shingo ndiyo inayopandishwa ukutani, na sasa ilikuwa na mdomo wa pili. Kukawa na maneno. Nilitafsiri machache, mengine nikayameza.

Ukimsikiliza mgeni, Babu kaharibu nyara ya maelfu ya dola. Ukimsikiliza Babu, mgeni alikuwa anakaribia kuwalisha watu kibudu. Maana nyama ya tandala yule haikuwa inakwenda Texas. Inayokwenda ni pembe na ngozi. Nyama ilikuwa yetu, wapishi, madereva, wachuna ngozi na majirani zao kijijini, na kati ya kumi wanane ni Waislamu. Kuna wasomi wanaosema risasi ikitolewa kwa jina la Mungu na ikamtoboa mnyama mwitu kabla hujamfikia, nyama hiyo inalika, kama ilivyo kwa mshale. Sawa. Lakini aliyefyatua hakutaja jina la Mungu, alitaja jina lingine, na Babu hakuwa tayari kula kwa nadharia.

Jioni Babu alirudi na jibu mwenyewe, bila kuulizwa. Ngamia, alisema, hachinjwi chini ya taya. Huchomwa kisu chini kabisa, shingo inapokutana na kifua. Na kwa madhehebu yetu ya Kishafii, atakayemfanyia hivyo mnyama mwingine nyama yake ni halali, hata kama si ndiyo sunna yake. Tangu siku hiyo kisu chake kikashuka. Ngozi ikapona, nyama ikalika. Miaka mia na zaidi wageni wamekuwa wakigombana na wafuata nyayo juu ya koo la mnyama, na suluhu ilikuwa kwenye kichwa cha mzee ambaye hakuna aliyewahi kumpisha kiti karibu na moto.

Mjerumani, kwa upande wake, alituachia kitu cha kusimulia. Alipompiga kongoni, kabla ya picha, alikata kijitawi cha mti wa karibu akakiweka mdomoni mwa yule mnyama. Tonge la mwisho, alituambia. Kijitawi kingine kikapitishwa kwenye damu, mwindaji bingwa akampa juu ya kofia, naye akakichomeka upande wa kulia wa kofia yake siku nzima. Akamlaza mnyama ubavu wa kulia, moyo ukiwa juu, na akatukataza kumruka. Mchuna ngozi mmoja aliyekuwa ananyanyua mguu kuruka alibaki na mguu hewani. Babu, ambaye humlaza mnyama ubavu wa kushoto, alitazama yote hayo akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu kafundwa." Sijamsikia akimsema hivyo mgeni mwingine.

Kwao, kumbe, kufundwa si kwa mfano tu. Huwezi kupata leseni ya uwindaji Ujerumani bila kufaulu mtihani wa sheria, magonjwa ya wanyama, mbwa na silaha. Na wana haki moja ambayo mjomba wangu angeielewa bila mkalimani: anayempasua mnyama na kumtoa matumbo huondoka na maini na figo. Kwetu mgawo ulikuwa na mpangilio wake vilevile. Paja kwa huyu, kidari kwa yule, shingo kwa mjomba, maana huku kusini mjomba ndiye mwenye watoto. Na kwa tembo, zamani, pembe iliyogusa ardhi alipoanguka ilikuwa ya mwenye nchi, iliyobaki juu ndiyo ya mwindaji. Hakuna aliyehitaji hakimu. Mnyama mwenyewe aliamua alivyoanguka.

Mmarekani nisimwonee. Alisimulia kwamba alipompiga paa wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na moja baba yake alimpaka damu mashavuni, na sauti ilimkatika. Lakini akifika kwa mnyama aliyekufa kazi ya kwanza ilikuwa ni picha, na picha hiyo ina ufundi wake. Damu inafutwa, ulimi unarudishwa mdomoni, majani yanakatwa, na mtu anakaa nyuma kidogo ili pembe zionekane ndefu. Nimeshika darubini za watu wengi nyuma ya kamera. Nadhani hata hiyo ni namna ya maziko, ila ni ya watu wenye haraka.

Mambo yaligeuka usiku Msweden alipomuuliza Babu ni mnyama gani anayemwogopa kuliko wote. Wote walikaa vizuri kwenye viti, wakisubiri nyati, au tembo mwenye hasira. Babu akasema, "Nguruwe."

Nilidhani nimetafsiri vibaya. Nikamuuliza tena. "Nguruwe pori," akarudia, kisha akaeleza kwa mpangilio kama anayesoma hati. Nguruwe anakula mahindi na mihogo. Kwa hiyo unajenga dungu shambani, unalala huko kuamia, wewe na mkeo na watoto, miezi miwili mitatu. Simba naye anamfuata nguruwe. Anafika shambani usiku, nguruwe kakimbia, na juu ya miti minne kuna mtu amelala. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchi hii, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Watafiti walipofuatilia wakakuta alilosema Babu: nguruwe, mashamba, watu kulala nje. Babu hakusoma utafiti. Alizika.

Hapo ndipo milimita zilipokufa. Msweden akasema kwao kusini nguruwe mwitu wameenea wanalima mashamba kwa pua. Mjerumani akasema kwao wanaingia kwenye mahindi kama jeshi. Hata Mmarekani wa Texas akapiga paja, kwao wanawapiga usiku na mchana na hawaishi. Watu wa nchi nne, wakati huu bila kujipima pembe, wote wanamlalamikia mnyama mmoja. (Tofauti ni kwamba kwao nguruwe akianguka ni kitoweo. Kwetu ukanda wa pwani ukimpiga inabidi umtafutie mteja Masasi au Ndanda, usiku, na baiskeli ya kuazima.)

Ndipo daktari wa meno akasema jambo lililonifanya niandike makala hii miaka mingi baadaye. Kwao, mwenye haki ya kuwinda eneo ndiye anayemlipa mkulima nguruwe akila mazao. Amekodi uwindaji, amekodi na hasara. Alisema yeye mwenyewe amewahi kulipia mahindi ya jirani, na akakasirika, na akalipa.

Nilitafsiri. Babu akaniambia nitafsiri tena.

Maoni yangu ni hayo tu, wala si makubwa. Sina ugomvi na mgeni mwenye leseni, na siwatetei waliomaliza tembo. Selous iliyokuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970 ilibakiwa na wapatao 13,000 sensa ya 2013, na hilo halikufanywa na gobore la kutafuta kitoweo. Ninachosema ni kwamba tumeiga kwa wageni bunduki zao, vitalu vyao na bei zao, tukaacha nyuma kanuni iliyo bora kuliko zote walizonazo. Wanyamapori kwetu ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kitalu hukodishwa, fedha hulipwa, na jumuiya za vijiji kama MAGINGO huko Liwale hupata sehemu yao pale ambapo wageni wanakuja. Lakini mwenye shamba lililoliwa anapewa kinachoitwa kifuta jasho, na ndugu wa aliyeuawa kifuta machozi. Neno lenyewe linakiri. Si fidia. Ni kitambaa.

Tangu von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alipotoa amri yake ya 1896, kwamba anayewinda lazima awe na leseni, mtu wa huku amekuwa akiitwa jangili kwenye mwitu aliokulia. Mjomba alilala mahabusu kwa sababu ya funo mmoja, mnyama asiyemzidi mbuzi. Wiki hiyohiyo kambini tulikuwa tunawatupia fisi mbavu za nyati kwa sababu gari la kupeleka nyama kijijini lilikuwa limeharibika. Sikumwambia hilo mpaka alipofariki, yaani sikumwambia kabisa.

Mwenye kitalu alipe nguruwe, kama anavyolipa daktari wa meno. Au, kama hataki kulipa, awape vijiji vinavyopakana naye wapigaji wake na risasi wakati mazao yamesimama. Najua nitajibiwa msimu umefungwa. Kweli. Uwindaji wa kitalii unaanza Julai mosi na kuishia mwisho wa Machi. Bunduki zinafungiwa, wageni wanapanda ndege, kambi inabomolewa, na mahindi ya huku ndiyo kwanza yanakauka shambani.

Mama mdogo kanipigia simu jana kutoka Liwale. Amehamia dunguni tangu Jumatatu, na debe la kupiga limetoboka, kaniomba nimtumie jingine.