Je, protoni huongezeka tungamo inapokimbia?

Katika madarasa ya fizikia ya kidato cha sita, Unguja na Pemba, bado husikika kauli kwamba tungamo la chembe huongezeka kadiri kasi yake inavyokaribia ile ya mwanga. Wapo walimu wanaoikataa kabisa, wakishikilia kwamba kinachoongezeka ni nishati na momenta (kipimo cha nguvu ya mwendo wa kitu) tu.

Kauli hiyo haikuzuka hewani. Kuanzia mwaka 1901, mwanafizikia Mjerumani Walter Kaufmann alionyesha kwamba elektroni ziendazo kasi sana ni ngumu zaidi kupindwa kwa umeme na sumaku. Leo, katika mtambo wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ulio karibu na Geneva, protoni ambayo nishati yake ya utulivu, yaani iliyo nayo ikiwa imetulia, ni megaelektroni-volti 938 hufikishwa teraelektroni-volti 6.8 (megaelektroni-volti milioni 6.8), na sumaku huipinda kana kwamba tungamo lake limekua zaidi ya mara 7,000. Anayefanya hesabu kwa njia hiyo hupata jibu sahihi la mzunguko wake, na kwa mtahiniwa jibu sahihi si jambo dogo.

Tatizo huanza kani inapobadili mwelekeo. Protoni hiyo hiyo ikisukumwa mbele badala ya kuvutwa ubavuni, ukaidi wake hukua kwa kipeo cha tatu cha idadi ile ya mara 7,000 na zaidi. Basi tungamo lake ni lipi, la mbele au la ubavuni? Einstein, aliyeyataja yote mawili mwaka 1905, alimwandikia mwandishi Mmarekani Lincoln Barnett mwaka 1948 kwamba ni afadhali kubaki na tungamo la utulivu, lile la kitu kilichotulia, peke yake. Naona alikuwa na haki.

Hata hivyo, wapinzani wa kauli ile wasijipongeze mapema. Tungamo za kwaki tatu za protoni, yaani chembe ndogo zaidi zinazoiunda, zikijumlishwa, hazifiki asilimia 2 ya tungamo la protoni. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya gluoni, chembe zinazozifunga pamoja. Mwanafunzi makini wa Wete, akiambiwa kwamba mwendo hauongezi tungamo, ana haki ya kuuliza protoni imelipata wapi lake. Jibu lipo, ila linataka uangalifu: nishati iliyomo ndani ya kitu ambacho kwa ujumla wake kimetulia huhesabiwa katika tungamo, ilhali nishati ya safari ya kitu kizima haihesabiwi. Ndiyo maana fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, haina tungamo, lakini fotoni mbili zinazokwenda pande tofauti, zikichukuliwa pamoja, zinalo.

Kwa hiyo ningetaka mlinganyo E² = (pc)² + (mc²)², ambamo E ni nishati, p momenta, m tungamo na c kasi ya mwanga, utangulie darasani, na E = mc² ufuate kama hali ya kitu kilichotulia, hata kama mwalimu atalazimika kuongeza vipindi vya kueleza momenta.