Nani achague vipimo vya msitu?

Msitu mmoja unaweza kufaulu na kufeli siku hiyohiyo. Mtaalamu akiona miti inakua haraka kuliko inavyovunwa, ataandika kwamba unasimamiwa vizuri. Mrina asali ambaye mizinga yake imebaki mitupu atakuwa na jibu jingine. Wote wawili wanasema kweli. Kilichowatenganisha ni kipimo.

Tangu Mkutano wa Rio wa 1992, ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, nchi nyingi zimejiwekea vigezo (mambo makuu ya kuangaliwa) na viashiria (vipimo vya kila jambo) vya usimamizi endelevu wa misitu. Nchi za Mchakato wa Montréal, kundi la nchi zenye misitu ya maeneo ya baridi na ya wastani, zilikubaliana mwaka 1995 juu ya vigezo 7 na viashiria 67, ambavyo baadaye vilipunguzwa hadi 54. Hayo yalikuwa makubaliano ya serikali. FSC, shirika la kuthibitisha misitu lililoanzishwa 1993, lilipita njia nyingine: wanachama wake wako katika makundi matatu, la mazingira, la jamii na la uchumi, na kila kundi lina theluthi ya kura hata kama watu wake ni wachache.

Wanaotaka kazi ya kuchagua viashiria ibaki kwa wataalamu, bila wananchi, wana hoja nzito. Msitu huenda polepole. Kiashiria kinachobadilishwa kila wajumbe wapya wanapoingia huacha takwimu za miaka kumi zisizoweza kulinganishwa na kumi iliyotangulia. Halafu kuna orodha kuvimba. Kila kundi huja na lake, hakuna anayetaka kumuudhi mwenzake, na mwisho wa kikao yote yameingia. Fedha za kuyapima yote haziko, kwa hiyo hupimwa yale rahisi. Kwangu mimi huu ndio ugonjwa mkubwa wa ushirikishwaji, kuliko lile dai lililozoeleka kwamba wananchi hawaelewi.

Dai hilo kwanza ni dhaifu. Majaribio katika nchi kadhaa yameonyesha kuwa wanakijiji wakipewa mafunzo mafupi na futi kamba hupima miti kwa usahihi unaokaribia ule wa wataalamu. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: chemchemi ipi siku hizi hukauka mapema, kuni zimesogea umbali gani, hayo anayajua anayeyaishi.

Tena mtaalamu naye huchagua, ila uchaguzi wake umevaa koti jeupe. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huhesabu kuwa msitu eneo linalozidi hekta 0.5, lenye miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli cha matawi kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Mashamba ya miti ya mbao yamo. Fyeka msitu wa asili, panda mikaratusi, na eneo la misitu kwenye jedwali halipungui hata kidogo. Setilaiti itaona majani ya kijani. Haitamwona mganga aliyekosa mizizi yake.

Wapo wanaopendekeza kugawana kazi: wananchi waseme kipi kipimwe, wataalamu waseme kipimwe vipi. Nakubali nusu. Swali gumu limebaki katikati, nalo ni kiasi gani kinatosha. Miti mingapi mikubwa ibakizwe kwa hekta? Takwimu pekee hazijibu hilo, wala kura pekee. Hapo lazima pande zote zikae mbele ya takwimu zilezile.

Kukaa huko kusiwe kwa jina tu. Afisa wa kampuni ya mbao analipwa mshahara akiwa kikaoni. Mchanja kuni anapoteza kazi ya siku nzima. Hata kura sawa haziondoi pengo hilo. Na mara nyingi wadau huitwa orodha ikiwa imeshachapwa, wapige makofi. Mimi ningeanza na karatasi tupu na kikomo, tuseme viashiria 15. Anayetaka kuongeza kimoja aseme kipi kifutwe. Hapo mwenye kampuni na mrina asali watalazimika kuelezana kwa nini magogo yahesabiwe na mizinga iachwe, au kinyume chake.