Tamthilia ilitangulia, filamu ikafuata
Kuna aliyeandika eti Lorraine Hansberry, mtunzi wa tamthilia wa Marekani, alipata jina kwa sababu ya filamu. Hapo huyo aliyeandika kateleza. Tamthilia yake, A Raisin in the Sun, ilianza kuchezwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, mwaka 1959, naye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza tamthilia yake kufika huko. Filamu ilikuja 1961, muswada kauandika mwenyewe, na studio ikakata baadhi ya sehemu alizoongeza. Sisi hapa Malindi tuliwahi kuigiza kipande cha tamthilia hiyo shuleni, kwa Kiswahili chetu. Mimi nilikuwa Mama, yule mzazi wa familia ya kwenye tamthilia, nimekumbatia mche wa mrehani kwenye kopo la mafuta lililoshika kutu, na ukumbi ukanyamaza, hata wale wa nyuma waliokuja kucheka tu. Kuna mwengine hapa aliyewahi kuicheza jukwaani?